Wageni Wabaya Katika Bwawa la Samaki

Wakulima wengi wa skimu zetu siku hizi wana bwawa la samaki karibu na nyumba. Jambo hili si geni katika Kenya. Kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 watu walihimizwa wachimbe mabwawa na wale samaki zaidi. Kisha mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa mashambani, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Kwa sababu hiyo wengi wetu twajua namna ya kuchimba, kulisha na kuvua. Lakini ni wachache wajuao habari za adui wa samaki. Somo la mwezi huu ni juu ya adui hao: wadudu na minyoo wanyonyao samaki, pamoja na ndege na wanyama wanaowala.

Kwanza nitaeleza kosa langu mwenyewe, ili msomaji asilirudie.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, lakini nilisomea ualimu, kwa hiyo majirani huniita Mwalimu. Miaka michache iliyopita nilichimba bwawa nyuma ya nyumba yangu. Rafiki mmoja wa ng'ambo ya mto alinipa vifaranga 200 vya ngege bila malipo. Nilifurahi sana. Nikawabeba katika madebe mawili, nikafika nyumbani jioni, nikawamimina bwawani pamoja na maji yao. Sikuwatazama hata mmoja. Baada ya wiki kadhaa niliona samaki wakirukaruka na kujisugua kwenye mawe. Nilidhani wanacheza.

Maji yatokayo bwawani kwangu yalikuwa yakipita katika bomba na kuingia bwawa la mama mmoja jirani yangu, mjane. Mimi mwenyewe ndimi niliyemshauri achimbe bwawa hilo. Alikuwa na ngege 600, naye alitumaini kuwauza mwezi wa Desemba apate karo ya mwanawe wa shule ya sekondari. Siku moja asubuhi alifika mlangoni kwangu na samaki mfu katika sahani.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mama."

"Samaki wangu wanakufa. Hebu mtazame huyu, ana chawa."

Nilitazama, na kweli vidudu bapa vilikuwa vikitambaa ubavuni mwa samaki yule. Nilikwenda bwawani kwangu nikavua samaki watano. Wote walikuwa navyo. Nikamwambia, "Mama, hawa wametoka kwangu."

Akajibu, "Najua, Mwalimu. Maji hayapandi mlima."

Mwaka ule alivua chini ya nusu ya samaki wake. Nilimlipa vifaranga, na karo nikasaidia kidogo, lakini miezi sita ya kulisha samaki hairudishiki. Toka siku hiyo nimejifunza jambo moja, nalo ndilo somo lenyewe: mara nyingi adui wa samaki huingia bwawani kwa mkono wa mwenye bwawa, na hutoka kwa mfereji kwenda kwa jirani. Dawa ya kwanza ni kufunga mlango.

DALILI ZA UGONJWA

Mfugaji yafaa atembelee bwawa lake kila siku asubuhi na jioni, hasa wakati wa kulisha. Samaki mzima huja mbio chakulani. Samaki mwenye wadudu huonyesha dalili hizi:

1. Hujisugua kwenye mawe, kuta au nyasi, au huruka juu ya maji bila sababu.
2. Hukataa chakula, akakaa peke yake kando au karibu na mahali maji yaingiapo.
3. Hupumua haraka. Matamvua yake, yaani zile nyuzi nyekundu za kupumulia ndani ya mashavu, huwa na ute mwingi au hugeuka rangi.
4. Mwili wake huwa na madoa, vidonda, nyuzi au vijivimbe.

Hapa tahadhari. Ukiona samaki wote wanahema juu ya maji alfajiri, na jua likipanda wanarudi chini salama, huo si ugonjwa wa wadudu. Ni upungufu wa hewa majini, na mara nyingi huletwa na samadi au chakula kilichozidi. Acha kutia samadi, punguza chakula, ongeza maji safi. Ukikimbilia dawa utapoteza fedha, na samaki watakufa vilevile.

WADUDU WANYONYAO SAMAKI

Chawa wa samaki. Huyu huonekana kwa macho. Ni bapa, mviringo, upana wake milimita 5 hadi 10, na rangi yake hukaribia kuwa kama maji. Hushikamana na ngozi ya samaki na kunyonya damu. Aweza kumwacha samaki mmoja na kuogelea hadi kwa mwingine, ndiyo maana hupita kwa urahisi toka bwawa hadi bwawa. Hatagi mayai juu ya samaki, bali huyabandika kwenye mawe, miti na kuta za bwawa. Basi tukijua hayo twaweza kumtega. Weka vipande vya mbao majini, na kila wiki uvitoe uvianike juani mpaka vikauke kabisa, kisha uvirudishe. Mayai yaliyobandikwa hapo hufa.

Mdudu nanga. Huonekana kama uzi mfupi unaotoka katika ngozi ya samaki, na mara nyingi ncha yake ina vifuko viwili vya mayai. Kichwa chake kimezama ndani ya nyama kama nanga ya mashua, na mahali hapo huwa na kidonda chekundu. Watu wengi humwita mnyoo, lakini yeye na chawa wa samaki ni wa jamaa moja na kamba na kaa. Samaki wakiwa wachache, mwaweza kumng'oa kwa kibanio, mkimshika karibu na ngozi na kumvuta polepole. Kumwogesha samaki kwa chumvi hakumtoi mdudu nanga aliyekwisha kujichimbia.

Madoa meupe. Samaki huonekana kama amenyunyiziwa chembe za chumvi. Kila doa ni kijidudu kilichokaa chini ya ngozi. Kikishiba hudondoka chini ya bwawa, hujifungia ndani ya ganda, na humo hugawanyika kuwa mamia ya vijidudu vichanga. Hivyo hutoka kutafuta samaki, na visipompata katika siku mbili tatu hufa. Maji yakiwa na joto la digrii 25 hivi, mzunguko huu wote huisha katika muda wa wiki moja. Maji yakiwa baridi huchukua wiki kadhaa. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: dawa huua vile vichanga vinavyoogelea tu. Haiwafikii walio ndani ya ngozi wala walio ndani ya ganda. Kwa hiyo kutibu siku moja na kuacha ni kazi bure.

Minyoo ya matamvua. Ni midogo sana, huonekana kwa hadubini. Hukaa matamvuani na kwenye ngozi, na huwadhuru zaidi vifaranga, hasa wakiwa wamesongamana.

Ruba. Hawa kila mtu awajua. Ruba wachache hawaui samaki mkubwa, lakini wakiwa wengi humwishia damu na kumwachia vidonda. Katika vidonda huota ukungu mweupe mfano wa pamba, na ukungu huo ndio huwamaliza samaki waliokwisha dhoofika.

KONOKONO NA NDEGE

Yuko mnyoo mwingine ambaye safari yake ni ndefu, na yafaa tuifuate hatua kwa hatua. Mkubwa wake huishi katika ndege mla samaki, kama korongo. Mayai yake huanguka majini. Yanapoanguliwa, mtoto huingia katika konokono wa maji na kuongezeka humo. Halafu hutoka, huogelea, na kujipenyeza katika mwili wa samaki, akajifunga ndani ya kijivimbe cha manjano chini ya ngozi au karibu na matamvua. Ndege akimla samaki huyo, safari huanza tena.

Hakuna dawa ya kumwagia bwawani itakayotoa vijivimbe hivyo. Lakini mnyororo huu una pete tatu, nao ukikatwa mahali pamoja umekatika wote. Pete iliyo rahisi kwa mkulima ni konokono. Konokono hupenda magugu na kina kifupi. Basi fyeka nyasi za kingo, ng'oa magugu yote majini, na kingo uzichonge ziwe wima kidogo ili maji yasiwe na ufuko wa kina kifupi. Ukiona konokono mmoja mmoja, waokote ukiwa umevaa mabuti na glovu, uwaponde mahali pakavu mbali na maji.

Kazi hii ina faida ya pili. Konokono wengine wa maji matamu ndio wachukuao kichocho, ugonjwa ambao watu wa sehemu za mashamba ya maji kama Mwea wanaujua vizuri. Mwenye kusafisha kingo za bwawa huwakinga samaki wake na watoto wake pia.

Wengine huuliza kama samaki mwenye vijivimbe hivyo aliwa. Samaki akipasuliwa, akatolewa vijivimbe na kupikwa mpaka aive kabisa, hana madhara. Lakini asiliwe mbichi wala nusu mbichi.

WANYAMA WALA SAMAKI

Mdiria na korongo huvua mchana, na fisi-maji huja usiku. Kenge, nyoka na kasa wa maji matamu nao hula sehemu yao. Vyura hula vifaranga, na watoto wa kereng'ende, ambao hukaa majini kabla ya kuota mabawa, huwala vifaranga wadogo sana.

Kwa ndege, tandaza wavu juu ya bwawa, au funga kamba toka ukingo hadi ukingo, kila hatua moja. Kwa kenge na fisi-maji, zungusha uzio wa wavu ambao sehemu yake ya chini imefukiwa ardhini. Fyeka vichaka vilivyo karibu, maana ndipo wanapojificha. Mayai ya vyura, ambayo huelea kama utando wa ute, yatoe kwa wavu mdogo kila asubuhi. Usitege sumu kwa mnyama yeyote au ndege. Ni kosa la sheria, na sumu iliyowekwa kando ya maji mwisho wake ni ndani ya maji.

KUFUNGA MLANGO

Mfugaji wa ng'ombe akinunua ndama sokoni hamwachii aingie zizini siku hiyohiyo. Humwogesha dawa ya kupe kwanza, akamtenga na kumwangalia. Samaki naye ni mfugo. Mpango mzuri ni huu:

1. Nunua vifaranga kwa mtu mwenye sifa njema, na uwakague kabla ya kulipa. Vua kumi, uwatazame ngozi, mapezi na ndani ya mashavu.

2. Uwe na bwawa dogo la wageni, hata la mita 2 kwa 3 lililotandikwa karatasi ya nailoni, au tangi kubwa. Lisiunganike na bwawa kubwa kwa njia yoyote. Vifaranga wakae humo wiki tatu. Ugonjwa uliojificha mara nyingi utajionyesha katika siku hizo.

3. Mfuko wa vifaranga uelee kwanza juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha watoe samaki kwa wavu. Yale maji ya safari yamwage shambani, kamwe yasiingie bwawani.

4. Wavu, ndoo na mabuti ya bwawa la wageni yasitumike katika bwawa kubwa. Ukiazima wavu wa jirani, uoshe na uuanike juani mpaka ukauke kabisa kabla ya kuutumia, na ufanye vivyo hivyo kabla ya kuurudisha.

5. Weka wavu wa waya mahali maji yaingiapo na yatokapo. Wavu hauzuii vichanga vya wadudu, lakini huzuia samaki wa mtoni ambao huwabeba.

6. Kila bwawa linywe kwake mferejini. Bwawa moja lisimwagie jingine. Maji yatokayo bwawani yana mbolea, basi yaelekeze kwenye migomba, mboga au majani ya ng'ombe.

KUOGESHA KWA CHUMVI

Vifaranga wakifika, na tena siku watakapotoka katika bwawa la wageni, waogeshe. Chukua ndoo yenye lita 20 za maji ya bwawa, utie nusu kilo ya chumvi ya kawaida, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Watie samaki wachache ndani ya wavu, wakae dakika 5, zisizidi 10. Usiondoke hapo. Samaki akianza kulala ubavu, mtoe mara moja umrudishe katika maji safi. Jaribu na samaki wawili watatu kabla ya kuogesha wote.

Sababu ya chumvi kufaa ni hii. Wadudu wengi wa maji matamu wana ngozi nyepesi, na chumvi nyingi huwanyonya maji upesi kuliko inavyomnyonya samaki, hivyo hufa au huachia. Watu wafugao samaki wa bahari nyumbani katika masanduku ya kioo hufanya kinyume chake: huwaogesha wageni wao katika maji matamu kwa dakika chache, na vijidudu vya bahari hujaa maji na kupasuka. Nao pia humtenga samaki mgeni kwa wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wengine.

Samaki wenye madoa meupe walio katika tangi la wageni huhitaji njia nyingine: chumvi kidogo kwa siku nyingi. Tia gramu 3 hadi 5 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 300 hadi 500 kwa lita 100, uiache kwa siku 10 au zaidi. Hivyo kila kichanga kitokacho katika ganda hukutana na chumvi.

KUKAUSHA BWAWA

Bwawa likiisha kupata chawa au ruba wengi, njia ya hakika ni kuvua samaki wote na kulikausha. Toa maji yote, uondoe matope yaliyozidi, uliache bwawa juani wiki moja hadi mbili mpaka sakafu ipasuke nyufa. Kisha nyunyiza chokaa kali, isiyozimwa, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba. Vidimbwi vilivyobaki vitiwe chokaa zaidi, maana ndimo adui hujificha.

Tufanye hesabu. Bwawa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15 lina mita 300 za mraba. Kilo 10 mara 3 ni kilo 30. Basi bwawa hilo lahitaji chokaa kilo 30 hadi 45.

Chokaa hii huunguza. Vaa mabuti, glovu na miwani, funika pua kwa kitambaa, na upepo uwe mgongoni mwako. Watoto wakae mbali. Baada ya kujaza maji, ngoja wiki mbili, na samadi usiitie siku moja na chokaa. Kabla ya kurudisha samaki wote, weka wachache ndani ya kapu majini kwa siku nzima. Wakiwa hai na wachangamfu, bwawa liko tayari.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimwage bwawani dawa ya kuogeshea ng'ombe wala ya kupulizia mboga, hata tone. Dawa nyingi za namna hiyo huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na atakayewala hajui alichokula. Usioshe pampu ya kupulizia karibu na mfereji. Samaki waliokufa usiwatupe mtoni, bali wachimbie shimo refu na uwafukie. Na ukiona ugonjwa, usifiche. Mwambie jirani wa chini siku hiyohiyo ili afunge maji yake, kisha peleka samaki mgonjwa aliye hai, katika ndoo ya maji, kwa afisa wa samaki wa kaunti.

MASWALI

Msomaji na ajijaribu, au awasomee watu wa nyumbani:

1. Samaki wanahema alfajiri tu. Je, ni wadudu au ni hewa?
2. Kwa nini dawa ya madoa meupe haifai kutiwa siku moja tu?
3. Taja pete tatu za mnyororo wa mnyoo wa manjano. Ni ipi iliyo rahisi kukatwa na mkulima?
4. Bwawa lako lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 10. Lahitaji chokaa kilo ngapi?
5. Maji ya bwawa lako yaenda wapi?

Swali la tano halina jibu katika kitabu. Toka nje uende ukatazame. Mimi na yule mama tumekwisha kuchimba mifereji miwili mbalimbali. Maji yangu sasa huenda kwenye migomba, na bwawa lake hunywa moja kwa moja kutoka mfereji mkuu. Kila mmoja wetu akipata vifaranga wapya humwita mwenziwe aje awakague, maana macho manne huona chawa upesi kuliko mawili.